RAV4, X-Trail, Forester, CX-5 au Harrier? Mi nasema uliza giaboksi kwanza

Kila mtu akifikisha hela ya SUV swali ni lile lile, nichukue RAV4 au Forester, na anayeulizwa siku zote anaendesha moja kati ya hizo mbili kwa hiyo jibu linajulikana kabla hajafungua mdomo. Wa Toyota atakwambia spea, wa Subaru atakwambia barabara, wa X-Trail atakwambia "inategemea na matunzo bana" alafu anabadilisha mada. Mi hizi tano nimezikalia zote kwa nyakati tofauti, moja ya shemeji, moja ya ofisini, moja ndo natembelea saa hizi (CX-5 ya Mazda, nasema mapema ili mjue nina upande), zilizobaki ni za watu wanaonibeba kwenda nao yadi kwa sababu nalala chini ya gari bila kuhofia shati.

Tuelewane kwanza naongelea gari gani. Sio Prado wala V8, hizo zina wenyewe. Naongelea zile za katikati, za mtu mwenye familia anayekaa pembezoni mwa Dar, Goba au Madale au Kibada huko ambako lami inakuacha kabla hujafika getini kwako, asubuhi anashuka mjini na foleni yake, Desemba anapanda Moshi au Mbeya na watoto na mabegi na ndoo na kurudi kuna gunia la mchele. Na gari yenyewe ni ya kuagiza Japan au kuikuta yadi ikiwa bado haijasajiliwa, maana SUV ya kilomita sifuri kutoka kwa wakala ni hesabu za taasisi na mashirika, mtu wa mshahara anaipita kwa nje anaangalia tu.

Sasa watu wakilinganisha wanaanza na rangi, sanrufu, rimu, akijitahidi sana mtu anauliza siisii ngapi. Mi naanza na giaboksi. Sababu ni rahisi, injini ya petroli ya Kijapani ikisumbua utapata wa kuifufua, ringi zinabadilishwa, gasketi zinabadilishwa, mafundi wa kuovahauli wapo kila kona na wengine ni wakali kweli kweli. Giaboksi ya CVT ikianza kuteleza hapo ndo kimbembe, mafundi wa kuifungua na ikarudi ilivyokuwa ni wa kuhesabu, wengi watakwambia tukachukue nyingine used kule Gerezani kwenye maduka ya spea Dar, na hiyo used nayo imetoka kwenye gari iliyogongwa au iliyochoka, historia yake anaijua Mungu.

CVT haina gia za meno kama otomatiki ya kawaida. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, puli zinatanuka na kubana ndo gari inapata gia nyepesi au nzito, ndo maana ukiendesha husikii gia ikibadilika. Ule mkanda unashikiliwa na presha ya mafuta tu. Mafuta yakichoka, au fundi akakuwekea ATF (mafuta ya otomatiki ya kawaida) yoyote aliyoikuta dukani kwa sababu "mafuta ni mafuta", mkanda unateleza, unakwangua puli, vumbi la chuma linazunguka kwenye vali bodi inayogawa mafuta ndani ya giaboksi, na kuanzia hapo ni suala la muda. Na joto linaharakisha yote hayo. Chukua gari ya namna hiyo yenye mafuta ya miaka mingi, jaza watu sita na mizigo, ipandishe mlima Kitonga nyuma ya lori la kontena saa saba mchana, utaona mwenyewe taa zinavyowaka kwenye dashibodi.

Na hapa ndo watu wanadanganyana sana. Utasikia "X-Trail ina CVT achana nayo chukua RAV4". Mkuu, RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza mwishoni mwa 2005, ya soko la Japan yenye injini ya 2.4, nayo ni CVT! Vanguard ya 2.4 vile vile, ni RAV4 hiyo hiyo imerefushwa. Zile za otomatiki ya gia nne zilikuwa za masoko mengine nje ya Japan. Kwenye Subaru, Forester ya SH (mwisho wa 2007 mpaka 2012) ya 2.0 ni otomatiki ya gia nne ya kizamani, mbaya kwa mafuta nzuri kwa maisha, lakini SJ iliyofuata kuanzia mwisho wa 2012 ni CVT, yenyewe inatumia mnyororo badala ya mkanda. Harrier ya Toyota ya 2003 na kuendelea, wanayoiita tako la nyani, ukichukua 240G (ya injini ya 2.4) ni gia nne, ukija kwenye Anaconda iliyotoka mwisho wa 2013 yenye injini ya 2.0 ni CVT. X-Trail ya kwanza kabisa, T30, ilikuwa gia nne na ndo maana mpaka leo unazikuta mikoani zinabeba mkaa, T31 ya petroli ndo ikaingia CVT. CX-5 ni otomatiki ya gia sita ya kawaida toka ilipotoka 2012. Kwa hiyo jina la gari halitoshi, uliza kizazi gani na injini gani, dalali akianza kusitasita hapo ujue hajui anachouza.

X-Trail nianze nayo kwa sababu inaonewa na pia inastahili. T31 (2007 kuja 2013) ukiingia ndani ni gari ya familia iliyofikiriwa, buti lake ni kubwa na lina droo chini ya sakafu, unavuta unaweka jeki, kamba, spana, viatu vya matope, alafu juu unapanga mizigo kama kawaida. Nyingi zina siti za kitambaa kisichonyonya maji, mtoto akimwaga juisi unafuta na tambara safari inaendelea, mwenye watoto wadogo anajua naongelea nini. Ya 4WD ina kile kiswichi cha kuzungusha, 2WD, AUTO, LOCK, na LOCK yake kwenye tope la kawaida inasaidia kweli. Bei yake kwa mwaka ule ule na kilomita zile zile mara nyingi iko chini ya Toyota, na hiyo bei ni sifa ya giaboksi imeishusha. Sio uzushi, Nissan Marekani wenyewe waliongeza dhamana ya CVT za magari yao ya 2003 mpaka 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, kampuni haitoi zawadi kama hiyo kwa kupenda. Inaishi? Inaishi, ya ofisini kwetu ilikuwa inapigwa safari za mikoani na ilikuwa inaenda, dereva wake mzee mmoja mbishi alikuwa anagoma kabisa kuwekewa mafuta tofauti na NS-2 (mafuta ya Nissan ya CVT hiyo) na kila ikifika kilomita elfu arobaini na kitu anadai yabadilishwe, uhasibu walimchoka. Kama wewe sio mtu wa namna ya yule mzee usichukue T31. Inayofuata, T32, inataka NS-3, usichanganye.

RAV4 na Vanguard nitaziongelea pamoja. Sifa yake kubwa sio kuendesha, kuendesha ni kawaida tu, inayumba kidogo kwenye kona, plastiki za dashibodi ngumu, siti ya dereva ukienda nayo Dodoma mgongo unakumbuka. Sifa yake ni kwamba ikiharibika popote kati ya Tunduma na Namanga utapata fundi aliyeshawahi kuifungua na spea itakuja na basi kesho yake asubuhi. Shokapu, bushi, bolijointi, stabilaiza linki, rejeta, kila kitu kipo na kwa daraja zote, orijino, used ya Japan, na ya Kichina ambayo nakushauri uiache hapo hapo kaunta. Ukitaka kuiuza unaitangaza asubuhi jioni simu zinaita. Mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama friji, bawaba ziko kulia, na kwa sababu sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani ukipaki pembeni ya barabara unapakia ukiwa upande wa salama, jambo dogo lakini nalipenda, ila ukiwa umebananishwa na gari nyuma huo mlango haufunguki ng'o. Vanguard ya siti saba ile safu ya tatu ni ya watoto, mtu mzima ukimkalisha pale mpaka Morogoro atashuka hakusalimii.

Sasa tatizo lenyewe. Injini yake, 2AZ, ina ugonjwa wa kula oili. Haivuji, haitoi moshi wa kutisha, inaila taratibu kwa sababu ringi za pistoni zinaziba na oili inapanda. Toyota Marekani walikuja na mpango maalumu wa kurekebisha hilo kwa baadhi ya magari ya injini hiyo, RAV4 za 2006 mpaka 2008 zikiwemo. Huku kwetu mtu anabadilisha oili anaondoka, anarudi baada ya kilomita elfu tano anashangaa stiki imekauka, anamlaumu fundi kwamba aliiba. Hakuna aliyeiba. Na Harrier tako la nyani ya 2.4 ni injini hiyo hiyo, kwa hiyo stiki ya oili ni ya kuchomoa kila wiki sio kila mwezi. Ya 2.4 kwenye foleni ya barabara ya Mandela pia usitegemee miujiza ya mafuta, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanaopanga bei za mafuta wakitoa bei mpya utakuwa unafuatilia kuliko matokeo ya Simba na Yanga.

Forester ndo gari ninayoiheshimu zaidi hapa. Ya shemeji ni SH, tumeenda nayo Lushoto mvua zikiwa zimeanza, ile barabara ya juu kuelekea vijijini imegeuka uji, Noah zimepaki pembeni watu wanasubiri jua, na yeye anaongea na simu kwa mkono mmoja (sikubaliani na hilo) gari inapanda tu. Yake ni ya magurudumu manne muda wote, hakuna kiswichi cha kukumbuka, na iko juu, SJ ina kama sentimita 22 kutoka chini mpaka chini ya gari, wakati RAV4 niliyoisema iko kwenye 19 hivi. Kioo kikubwa, unaona kote, kwa mama mfupi anayeendesha gari hii ni raha kuliko zote tano. Lakini Subaru ina masharti yake. Tairi zote nne lazima zilingane, sio saizi tu, hata kuisha, ukitoboa moja ukaweka mpya moja na tatu zimelika unaiumiza klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma bila kujua. Plagi zimelala ubavuni mwa injini kwa sababu injini yenyewe imelala, fundi asiyezijua atakwambia hela ya kazi mara mbili na ana haki. SH za mwanzo zenye injini ya EJ20 zina taiming belti, inatakiwa itoke kilomita 100,000, na gari nyingi zinaingia bandarini zikiwa na themanini tisini, yani unailipia ushuru wiki hii na mwezi ujao belti na tensheni na pampu ya maji vinakusubiri. Kuanzia mwisho wa 2010 zilikuja na FB20 yenye cheni. Kwa hiyo SH ya 2011 au 2012, injini ya cheni, giaboksi ya gia nne, hiyo kwangu ndo Forester ya kununua, na wenye nazo wanajua ndo maana haziuzwi ovyo. XT ya tabo waachie vijana.

CX-5 hii yangu ni ya petroli 2.0 na nasisitiza petroli. Inaendeshwa vizuri kuliko hizo zote, stelingi inakujibu, gia sita zinabadilika kwa heshima, mafuta inakunywa kistaarabu, iko juu sentimita 21 na hainigusi chini kwenye matuta ya mtaani kwetu ambayo kila mwenye nyumba kajijengea lake. Siti ya nyuma ya kizazi cha kwanza imebana ukilinganisha na X-Trail, wakikaa watu wazima watatu wanaanza kusukumana kabla ya Kibaha. Spea ndo kero, vitu vya kawaida kama pedi na filta vipo, lakini taa, bampa, sensa, unaagiza na kusubiri au unazunguka maduka mpaka miguu iwake moto. Na ina ile kitu ya kuzima injini kwenye taa nyekundu, inataka betri ya aina yake, Q-85, ukiweka ya kawaida haikai, na bei ya hiyo betri utaguna.

Ya dizeli, 2.2, ina nguvu tamu sana na ndo mtego wenyewe. Ina kichujio cha moshi ambacho kinajisafisha kwa kuchoma masizi, na ili kichome gari inatakiwa itembee kwa kasi kwa muda wa kutosha. Wewe unatoka Sinza kwenda Posta, dakika kumi umeenda mita mia mbili, hakichomi kikamaliza, dizeli inayopulizwa kwa ajili ya kuchoma inachuruzika kwenye oili, oili inapanda badala ya kushuka. Mazda wanalijua, kwenye stiki ya oili ya dizeli yao kuna alama ya X juu ya ile ya full, ukikuta oili imefika kwenye X unaimwaga hata kama umeweka juzi. Ukienda kuangalia CX-5 ya dizeli chomoa hiyo stiki kabla hujauliza bei. Mtu wa Mwanza au Singida anayekula barabara ndefu kila siku anaweza kuishi nayo, wa Dar namshauri aiache. Wengine wanasema tatizo ni dizeli yetu chafu, ila toka Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm, kwa hiyo hiyo sababu siku hizi haitoshi peke yake, foleni inatosha.

Harrier sina mengi. Anaconda ni nzuri, kimya, siti nzuri, ukifika nayo harusini unaonyeshwa pa kupaki. Ukiiendesha ni RAV4 iliyovaa suti. Taa zake na vioo vya pembeni vibaka wanavipenda kuliko wewe mwenyewe na bei ya kuvirudisha inauma. Dashibodi inaongea Kijapani, redio inaishia FM 90 mpaka uweke kibadilishi, hayo yanarekebishika. Haibridi ya 2.5 kwenye foleni inakunywa mafuta kidogo sana, ila betri yake iko maeneo ya siti ya nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, vumbi letu linaziba pale, kama utaichukua fundi akuonyeshe ile filta iko wapi uwe unaisafisha mwenyewe.

Ushuru sasa, maana hapa ndo watu wanaona gari ya bei chee mtandaoni wanashangilia mapema. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao, unaingiza aina, mwaka, siisii, na thamani wanaitumia ya kwao, sio ile uliyolipa wewe. Viwango nilivyozoea kupigia hesabu ni ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 5 kwa injini iliyozidi siisii 1000 mpaka 2000 na 10 ikizidi hapo, VAT 18, na kama gari imezeeka kuna tozo ya uchakavu, 15 kwa ya miaka 8 mpaka 10 na 30 ikizidi 10. Chukua thamani ya milioni 10 kwa gari mbili. Ya kwanza ni 2.0 haijafika miaka nane, thamani na kodi pamoja inaishia kama milioni 15 na laki 5 kasoro kidogo. Ya pili ni 2.4 imepita miaka kumi, inafika milioni 20 na laki 6 na nusu. Hapo sijaweka tozo ndogondogo, bandari na wakala. Milioni tano tofauti! Na ndo maana RAV4 ya 2008 inayoonekana bei ya kutupwa ikifika mkononi inakaribiana na CX-5 ambayo ni mtoto kwake. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa hivyo viwango kwa hiyo pitia kikokotoo mwenyewe siku unayotaka kulipa. Kwa ndugu zetu wa Nairobi hii hesabu ya gari kuukuu haiwahusu, Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari iliyozidi miaka minane kwa hiyo nyie mnachagua kati ya T32, Anaconda na CX-5, na kwa hizo tatu jibu langu ni CX-5 tena bila kupepesa.

Ukiagiza omba karatasi ya mnada wa Japan, ile yenye daraja la hali ya gari. Daraja 4 na 4.5 ni salama, 3.5 unaangalia ile michoro ya mwili wa gari imeandikwa nini, R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. R sio lazima ukimbie, wakati mwingine ni bampa la nyuma na paneli moja, lakini bei yake ishuke basi, sio uuziwe R kwa bei ya 4.5 kwa sababu imepigwa polishi. Zilizotoka Hokkaido na kaskazini mwa Japan lala chini uziangalie, kule barabarani wanamwaga chumvi kuyeyusha theluji na chuma cha chini kinaliwa.

Ukichukua yadi, nenda asubuhi na weka mkono juu ya boneti kabla hujasalimiana na mtu. Ikiwa ya moto wameshaipasha, sema utarudi kesho. Ikiwa ya baridi washa, sikiliza, alafu toa D weka R rudisha D taratibu, ikichelewa kushika au ikipiga kishindo umepata jibu. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, ukiona mstari wa tope au harufu ya ukungu hiyo gari imewahi kuogelea. Na fungua mlango wa dereva uangalie pembeni kwenye nguzo, Wajapani wakibadilisha oili wanabandika kistika chenye kilomita. Kuna yadi moja nilienda na jamaa wa kazini, X-Trail imeng'aa, odomita inasoma elfu 68, muuzaji anaapa kwa jina la mama yake, nikafungua mlango kistika kinasema oili ilibadilishwa kwenye 112,000. Nikamwonyesha. Akasema "aah hiyo ni ya gari nyingine bosi". Kistika cha gari nyingine kimebandikwa mlangoni kwa gari hii! Tukaondoka, na wiki iliyofuata nilivyopita kistika kilikuwa kimebanduliwa, gari bado ipo.

Kwa hiyo mi ningefanya hivi. Unaagiza mwenyewe na unaweza kusubiri, chukua CX-5 ya petroli ambayo haijagusa miaka nane. Unanunua hapa hapa mkononi kwa mtu unayemjua, tafuta Forester SH ya cheni na usijiulize mara mbili, kuna watu wanazisubiri. Unakaa wilaya ya mbali, au ni mtu wa kuuza gari kila baada ya miaka miwili, Vanguard ya 2.4 na kidumu cha oili kwenye buti. X-Trail T31 kama bajeti imegoma kabisa na unaahidi kumwiga yule mzee wa ofisini. Anaconda kama hela ipo na unataka watu wajue ipo.

Na usimalize hela yote kwenye gari. Ikitoka bandarini badilisha oili, mafuta ya giaboksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu chake, plagi, filta, na geuza tairi usome zile namba nne za mwisho kwenye ubavu, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka. Nyingi zinakuja na kashata nzuri kabisa lakini ni za miaka nane tisa nyuma, mpira umeshakuwa mgumu, ukizipeleka spidi ya Chalinze saa nane mchana zinapasuka. CX-5, RAV4 na T32 nyingi ni 225/65 inchi 17, Forester SJ ni 225/60 inchi 17, ulizia bei kabisa kabla hujalipia gari.